Chupa za ng'ambo zinafikaje Mikindani, na biashara ya dunia inahusikaje?

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Mikindani. Tuna kikundi cha kina mama kumi na wawili, tunalima mwani, na kila bamvua ikipita tunasafisha ufukwe na kuuza chupa kwa kilo. Mwaka 2019 tuliambiwa mifuko ya plastiki basi, tukatii. Leo bado tunaokota chupa zenye maandishi tusiyoyajua, vipande vya nyavu, na viroba vya salfa vilivyoletwa na mvua kutoka mashambani. Redioni nimesikia mataifa yanakutana Geneva kuzungumzia biashara na plastiki. Biashara na taka zinakutania wapi? Kwa nini serikali isifunge bandari tu, plastiki isiingie? Na sisi huku kusini tunapata nini kwenye mikutano hiyo?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya forodha kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Lindi, na hilo swali lako la kufunga bandari nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote. Naanza nalo, maana ukilielewa hilo mengine yanafunguka yenyewe.

Plastiki nyingi haiingii bandarini kwa jina la plastiki. Chukua kiroba cha salfa ulichokiokota. Kabla mikorosho haijachanua, meli zinaleta Mtwara salfa ya unga ya kupulizia mikorosho, kwa maelfu ya tani. Inakuja katika viroba vya kilo 25, kwa hiyo kila tani moja inaacha viroba 40 shambani. Kiroba chenyewe kimefumwa kwa nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini, ambazo jua likizipiga zinakatikakatika na kuwa vumbi. Sasa njoo kwenye karatasi za forodha. Ofisa anaandika salfa, uzito wake, thamani yake na nchi ilikotoka. Kiroba hakipewi namba yake ya bidhaa. Mfumo wa namba za bidhaa unaotumiwa na forodha karibu dunia nzima una kanuni, ya tano katika zile sita za kupangia bidhaa, inayosema kifungashio cha kawaida kinahesabiwa pamoja na kilichofungwa ndani. Kanuni hiyo ina maana yake, kwani bila hiyo kila katoni ya sabuni ingehitaji karatasi tatu. Lakini matokeo yake ni kwamba mwisho wa mwaka ukiiuliza nchi yoyote, "Mmeingiza plastiki kiasi gani?", itakujibu kwa hesabu ya sura ya 39 ya kitabu cha ushuru, yaani plastiki iliyoingia kwa jina lake: chembechembe za kiwandani, mabomba, ndoo, karatasi za nailoni. Viroba vya salfa havimo. Povu jeupe lililozunguka friji halimo. Fulana ya mitumba iliyofumwa kwa poliesta, ambayo ni plastiki tupu, imeandikwa nguo.

Hata hiyo inayoonekana si ndogo. Kwa hesabu za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, biashara ya plastiki duniani imepita dola trilioni moja kwa mwaka, karibu asilimia 5 ya bidhaa zote zinazouzwa kati ya nchi na nchi. Na hapo vifungashio vya aina ya kile kiroba havijahesabiwa.

Kwa hiyo ukisema tufunge bandari, mimi nitakuuliza: tumzuie nani? Mwenye salfa? Korosho itakauka na ubwiriunga, ule ukungu mweupe ambao salfa inauzuia. Mlango upo, lakini anayepita amevaa kanzu ya mwingine. Ndiyo maana mazungumzo uliyoyasikia yanafanyikia kwenye Shirika la Biashara Duniani, WTO, huko Geneva, na hayakuachiwa watu wa mazingira peke yao. Yalianza Novemba 2020, yakiratibiwa na nchi sita: Australia, Barbados, China, Ecuador, Fiji na Moroko. Ziangalie nchi hizo kwa makini. Barbados na Fiji ni visiwa vinavyopokea taka za bahari kama Mikindani inavyopokea. China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote. Kuwaona wanakaa meza moja kulinipa matumaini. Februari 2024, kwenye mkutano wa mawaziri Abu Dhabi, zaidi ya nchi 70 zilitoa tamko la pamoja la hatua za kuchukua.

Tamko hilo si mkataba, na halimfungi mtu. Lina mambo mengi ndani yake, lakini ninalolipenda mimi ni moja ambalo halitangazwi sana: kuifanya biashara hii ionekane. Wanataka nchi zielezane mtiririko wa plastiki za kutumika mara moja, na wanashirikiana na Shirika la Forodha Duniani ili namba za bidhaa ziweze kutofautisha plastiki yenye madhara na nyingine. Najua kwa mama anayeinama juani kuokota takataka, habari ya namba inasikika kama maneno ya watu waliokaa kwenye kiyoyozi. Lakini hakuna sheria niliyowahi kuiona ikifanya kazi forodhani bila namba. Ofisa hawezi kuzuia kitu ambacho fomu yake haina mahali pa kukiandika.

Sasa, je, kisheria nchi inaweza kuzuia? Inaweza, na Tanzania imeshafanya. Mkataba mkuu wa biashara ya bidhaa unakataza kwa kawaida kupiga marufuku uingizaji, ila unaacha nafasi kwa hatua za kulinda afya ya watu, wanyama na mimea, na maliasili. Sharti lake ni usibague. Kuna kesi moja niliyokuwa nikiwafundishia vijana wa forodha kila mara. Brazil ilizuia kuingizwa kwa matairi yaliyovalishwa kashata upya, kwa hoja kwamba yakichakaa yanarundikana, yanatuama maji, mbu wa homa ya dengue wanazaliana humo, na rundo likishika moto halizimiki. Jumuiya ya Ulaya ikashtaki. Mwaka 2007 jopo la rufaa la WTO likakubali kwamba nchi inayoendelea ina haki ya kuzuia bidhaa kwa ajili ya afya ya watu wake, hata kama hatua hiyo inaumiza biashara. Hata hivyo Brazil ilishindwa, kwa sababu ilikuwa inaruhusu matairi kama hayo kutoka kwa majirani zake wa Mercosur, jumuiya ya biashara ya Amerika Kusini, na mahakama zake zilikuwa zinaruhusu waagizaji kuleta matairi mengine yaliyotumika. Haki ilikuwa yake, utekelezaji ndio uliomwangusha.

Linganisha na marufuku yetu. Aprili 2019 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa hapa hapa mkoani Lindi, alilitangazia Bunge, na ilipofika Juni mosi mifuko ya kubebea bidhaa ikawa mwisho. Kanuni zile zilikataza kuingiza, kusafirisha nje, kutengeneza, kuuza, kuhifadhi na kutumia. Kiwanda cha Dar es Salaam na cha ng'ambo vyote vilipigwa rungu moja. Kwa macho ya sheria ya biashara, hiyo ilikuwa kazi safi.

Tundu lilibaki kwingine. Nailoni nyembamba za kufungia karanga na sukari, ambazo ni vifungashio na hazikuwa mifuko ya kubebea, zikaanza kubebea. Mwaka 2021 serikali ikalazimika kuzikataza zile zisizokidhi viwango vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Na lipo jambo linaloniuma kuliko hilo. Ile mifuko mbadala laini yenye rangi, ambayo watu wanaiita ya kitambaa, mingi yake haina uzi hata mmoja wa pamba. Ni polipropilini ile ile ya kiroba cha salfa, imebanwa kwa joto badala ya kufumwa. Ni minene zaidi, inadumu, unaifua na kuirudia, na hilo ni afadhali kubwa. Lakini ukiikuta ufukweni imechanika, usiiache ukidhani itaoza.

Kingine ni mpaka. Sisi tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Msumbiji imo SADC tu. Mtu akivuka Ruvuma kwa pantoni pale Kilambo, au akipita Daraja la Umoja kule Mtambaswala, anatoka kwenye sheria moja ya mifuko na kuingia kwenye nyingine. Mfuko hauhitaji kontena, unakunjwa ndani ya gunia la mahindi. Ushirikiano wa Geneva ni mzuri, lakini kwa mifuko hii ningependelea maofisa wa Mtwara na wa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya mto, wawe na orodha moja ya vilivyokatazwa kabla ya tamko jingine lolote la mawaziri.

Umeuliza pia habari ya taka, na kwa kuwa mnauza chupa, hapa kuna kitu cha kuwafaa moja kwa moja. Taka za plastiki zenyewe ni bidhaa, zina namba yake, 3915. Kwa miaka mingi nchi tajiri zilikuwa zikizipakia melini na kuzipeleka China, iliyopokea kama asilimia 45 ya taka zote za plastiki zilizouzwa duniani tangu 1992. Mwaka 2017 China ikaitaarifu WTO kwamba inafunga, na Januari 2018 ikafunga kweli. Meli hazikugeuka kurudi kwao. Zikaenda Malaysia, Vietnam, Thailand na Indonesia, nchi ambazo hazikuwa zimejiandaa. Hapo ndipo dunia ilipoona kwamba nchi moja ikifunga mlango peke yake, taka inagonga kwa jirani. Mei 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka, zikabadilisha kanuni, na tangu Januari mosi 2021 taka za plastiki zilizochanganyika au chafu haziwezi kusafirishwa kwenda nchi nyingine bila nchi hiyo kuarifiwa mapema na kukubali kwa maandishi. Afrika ilikuwa imetangulia: Mkataba wa Bamako wa 1991, ambao Tanzania ni mwanachama, unakataza kabisa kuleta taka za sumu barani kwetu. Na kuanzia Novemba 2026 Umoja wa Ulaya wenyewe unazuia taka zake za plastiki kwenda nchi zisizo wanachama wa OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, nasi si wanachama, kwa kipindi cha kwanza cha miaka miwili na nusu.

Mnafaidikaje? Kanuni hizo hizo za Basel zinaacha njia wazi kwa plastiki ya aina moja, iliyochambuliwa, safi, inayokwenda kurejelezwa kweli. Chupa za maji, zile za PET, zikitenganishwa na vifuniko, zikaoshwa mchanga, zinaweza kuuzwa hadi nje ya nchi bila ule mlolongo wa Basel wa kuomba kibali cha nchi inayopokea. Zikichafuliwa kwa kuchanganywa na madumu yenye mafuta na viroba vyenye salfa, zinaangukia kwenye mlolongo huo, na mnunuzi anazikataa au anashusha bei. Mnapochambua pale mchangani mnaamua kilo ile itaingia upande gani wa sheria ya kimataifa. Kutoka Mtwara hadi viwanda vya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na lori linalobeba chupa zisizokandamizwa linabeba upepo. Kikundi chenu kikiungana na vingine viwili vitatu mkapata mashine ya kukandamiza, nauli kwa kilo itashuka sana. Lakini nisikudanganye kuhusu bei: chupa chakavu inashindana na plastiki mpya inayotokana na mafuta na gesi, na mafuta yakishuka bei ng'ambo, mnunuzi wenu anarudi nyuma. Duniani kote, kwa hesabu za OECD, ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki zinazorejelezwa. Kwa nguvu za waokotaji peke yao bahari haitasafishika.

Sasa niruhusu nizungumze kuhusu gunia, maana hapa sisi wa kusini tuna la kuiambia dunia. Korosho ghafi inatoka ghalani ikiwa kwenye gunia la jute. Kila mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, analijua hilo: korosho inapumua, ukiifunga kwenye kiroba cha plastiki inatoa jasho na kuota ukungu, na mnadani inashuka daraja. Ni moja ya mazao machache makubwa ambayo plastiki haijalishinda gunia la kweli. Ila jute yenyewe tunaagiza kutoka Bangladesh na India, na magunia yakichelewa melini msimu mzima unasimama, wakulima wanalala na korosho barazani.

Na katani tunayo. Babu zetu wengi walikata mkonge kwenye shamba la Kikwetu, hapa Lindi. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna kama tani 230,000 za katani, ikaongoza duniani. Kilichofuata kina sababu zaidi ya moja, zikiwamo utaifishaji wa mashamba na uendeshaji mbovu, lakini kubwa mojawapo ni kamba ya polipropilini, iliyoingia sokoni kwa bei ya chini na kuiondoa kamba ya katani kwa wakulima wa Ulaya na Marekani. Mkonge wetu ulipigwa na plastiki miaka mingi kabla plastiki haijafika kwenye ufukwe wako.

Ushuru nao umesaidia plastiki ishinde. UNCTAD imeonyesha kwamba kwa miaka thelathini wastani wa ushuru wa forodha kwa bidhaa za plastiki na mpira umeshuka kutoka asilimia 34 hadi 7.2, ilhali vitu vinavyoweza kuchukua nafasi yake, kama karatasi, mianzi, nyuzi za asili na mwani, vinatozwa wastani wa asilimia 14.4. Yaani, kwa wastani, bidhaa mbadala zinatozwa mara mbili ya plastiki zikifika kwenye lango la nchi ya mteja. Nikisoma takwimu hiyo napata hasira, nakiri, kwa sababu hakuna aliyekaa akaamua kuiua katani kwa ushuru. Ni mazungumzo ya miaka mingi ambayo wenye viwanda vya plastiki walikuwapo mezani na wakulima wa mkonge hawakuwapo. Kupunguza ushuru wa nyuzi za asili ndilo jambo ambalo mazungumzo ya Geneva yanaweza kutupatia sisi, fedha zake zikaonekana Lindi. Nchi yetu ikienda pale, isiende kuomba misaada ya kuzoa taka tu. Ipeleke sampuli ya gunia la katani.

Nikitaja mwani nakugusa wewe. Mwani unatajwa miongoni mwa malighafi za vifungashio vinavyooza, na utafiti unaendelea katika nchi kadhaa. Hata hivyo usiharakishe kuhesabu fedha hizo. Leo mwani wenu unanunuliwa kwa ajili ya viwanda vya vyakula na vipodozi, na bei inaamuliwa huko. Lakini taitai mnazofungia mbegu kwenye kamba ni plastiki, na zikikatika na mawimbi zinarudi ufukweni mnaousafisha. Zile zilizokatika ziokoteni mashambani maji yakikupwa, kabla bamvua halijazipeleka kwenye matumbawe.

Tumebakiwa na zile chupa zenye maandishi ya kigeni, na hapa ndipo biashara inapofika mwisho wa uwezo wake. Upo mkondo mkubwa wa bahari unaosukuma maji ya Bahari ya Hindi kutoka upande wa Indonesia kuja magharibi, kusini kidogo ya Ikweta. Unagonga Afrika karibu na Rasi Delgado, ng'ambo kidogo ya mdomo wa Ruvuma, na hapo unagawanyika: tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kupita Msimbati, Mtwara, Lindi, Kilwa hadi Kenya. Sisi tumejenga mahali bahari inapofikishia mzigo wake. Chupa za Indonesia zimeokotwa Kenya, na katika kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, ambako karibu hakuna watu, mwaka 2019 waliondoa tani 25 za taka, sehemu kubwa kabisa ikiwa nyavu na zana za uvuvi. Hakuna ushuru wala marufuku ya Tanzania inayoweza kumfikia aliyeitupa chupa hiyo upande wa pili wa bahari, wala baharia aliyeiachia katikati ya njia.

Hilo linahitaji mkataba unaozifunga nchi zote. Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliamua mkataba huo uandikwe. Vikao vikapita Uruguay, Paris, Nairobi, Ottawa, Busan, na Agosti 2025 Geneva, ambako walikesha na kutawanyika bila kukubaliana. Kubwa lililowashinda ni kama mkataba upunguze plastiki inayotengenezwa au ushughulikie taka tu. Nchi zinazoishi kwa mafuta hazitaki kusikia la kwanza. Mimi nasimama na wanaotaka uzalishaji upunguzwe, nikijua fika kwamba sisi wenyewe tuna gesi Mnazi Bay na Songo Songo, na kesho tunaweza kushawishiwa kusema kama wao.

Sasa kazi moja kwenu. Chupa zote za ng'ambo msiziuze kabla ya kuziandika. Chukueni daftari: tarehe, ufukwe, lugha iliyo kwenye lebo, nchi ikisomeka, tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa shingoni mwa chupa. Chupa yenye miezi michache tu tangu itengenezwe haijavuka bahari nzima. Hiyo mara nyingi imetupwa na meli iliyopita karibu. Andikeni wakati wa kusi na wakati wa kaskazi kando kando, na viroba vya salfa viwe na ukurasa wake, mkinakili jina la mwagizaji lililochapwa juu. Mkimaliza mwaka, nakala moja ipelekeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, ofisi ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara mjini, na nyingine kwa ofisa mazingira wa halmashauri, mkigongewa mhuri wa kupokelewa. Nakala ya tatu nitumieni mimi.